Mama aliulizwa kama ana raha, akajibu "raha nitoe wapi?", nesi akaandika sifuri. Tuzungumze sonona ya Mweusi na mgeni huku Marekani

#1 Mkalimani wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu.

Nafanya ukalimani wa Kiswahili mahospitalini hapa Marekani, mwaka wa saba sasa. Wengi ninaowakalimania ni ndugu zetu wakimbizi wa Kongo, na wachache wa Burundi, Kenya na nyumbani Tanzania. Kiapo cha kazi hakiniruhusu kutoa siri ya mgonjwa, kwa hiyo mama ninayemsimulia hapa nimembadilisha umri, familia na safari yake, asitambulike.

Mama alikuja akilalamika mgongo, kifua kubana na usingizi kukatika. Nesi akampima presha, akageukia kompyuta, akaanza kumsomea dodoso la sonona (depression). Kwa wasiolijua, linaitwa PHQ-9. Lina maswali tisa, kila jibu lina alama kuanzia 0 (hapana kabisa) hadi 3 (karibu kila siku), na jumla ya juu ni 27. Mtu akifika 10 ndipo daktari anaanza kuichukulia sonona kwa uzito.

Swali la kwanza nikalifikisha kama lilivyo: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu au raha ya kufanya mambo?"

Mama akanitazama mimi badala ya nesi. "Raha? Mwanangu, mimi raha nitoe wapi?"

Nikalipeleka hilo neno kwa neno. Nesi mikono iko kwenye kibodi, akauliza, "Kwa hiyo ni hapana?" Nikamfikishia mama. Mama ana adabu zake, akaitikia, "Ndiyo, hapana." Sifuri.

Swali la pili, huzuni na kukata tamaa. Mama akakaa wima: "Kukata tamaa ni dhambi. Mungu yupo." Sifuri tena. Usingizi akapata 3, uchovu 3, chakula 1. Jumla 7. Akaondoka na dawa za mgongo.

Wiki saba baadaye akarudi na mgongo uleule, akakutana na daktari mwingine, mama mtu mzima. Huyu alisukuma kompyuta pembeni akamuuliza, "Kabla hujaanza kuumwa, siku yako ilikuwaje? Na sasa ikoje?" Mama akaeleza kwamba kambini alikuwa anaongoza kwaya. Sasa hivi wimbo ukianza kanisani anatoka nje, anasimama kwenye maegesho mpaka uishe. Chakula anapika, watoto wanakula, yeye anawaangalia. Kile kitenge alichokivaa, alisema, alikuwa nacho tangu Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Dodoso likajazwa baada ya mazungumzo hayo. Alama 18.

Siamini kwamba ugonjwa ulipanda kutoka 7 hadi 18 ndani ya wiki saba. Ninachoamini ni kwamba safari ya pili aliulizwa.

Na mimi nilikuwepo safari ya kwanza. Kanuni za kazi yetu zinaniruhusu kusema "mkalimani anaomba kufafanua". Sikusema. Nilikuwa na wagonjwa wengine wanne wananisubiri, nikaacha ile sifuri ipite.

Tangu hapo nimekuwa nasoma, na nimegundua haya hayako kwa wageni peke yao. Mwaka 2001 aliyekuwa Daktari Mkuu wa Marekani, David Satcher, alitoa ripoti nzima kuhusu afya ya akili, utamaduni na rangi. Alisema wazi kwamba Weusi, Walatino, Waasia na Wamarekani wa asili wanaifikia huduma kwa shida, wakiifikia wanapewa ya kiwango cha chini, na kwa sababu hiyo ugonjwa unawaacha na mzigo mkubwa zaidi wa ulemavu. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Naomba tuchangie, hasa mlioko huku na mliopitia. Na kama kuna mtu anasoma hapa hali imembana sana na yuko Marekani, namba ya simu ya msaada ni 988, saa 24, unaweza kuomba mkalimani.

#2 Binti Salehe

Hapo kwenye kitenge tangu Jumapili nimelazimika kuweka simu chini kwanza.

#3 Mzee Kobe

Mleta mada umeandika vizuri lakini tusiwe wepesi wa kulia ubaguzi. Takwimu za huko huko Marekani zinaonyesha Weupe wanaugua sonona kuliko Weusi. Sasa kama mtu haugui, utamtibu nini? Tena watu wetu dawa za akili hawazitaki, tunafahamiana. Daktari afanyeje, awanyweshe kwa nguvu?

#4 Mkalimani wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki na nilianza nalo mwenyewe.

Ni kweli kuna utafiti mkubwa uliochapishwa 2007, wa David Williams na wenzake, ambao wengi wanautaja kwa nusu. Walikuta kwamba Weupe waliowahi kuugua sonona kubwa maishani ni asilimia 17.9, Weusi wenye asili ya Karibiani 12.9, Wamarekani Weusi 10.4. Watu wanaishia hapo.

Endelea kusoma. Katika hao waliougua, ambao ugonjwa wao uligeuka sugu ni asilimia 38.6 kwa Weupe, lakini kwa makundi yote mawili ya Weusi ni karibu 56. Yaani Mweusi anaupata kwa nadra zaidi, ila akiupata haumwachii, na unamlemaza zaidi. Kisha angalia matibabu: Wamarekani Weusi wenye sonona waliopata tiba ya aina yoyote ni asilimia 45. Wale wa Karibiani, ambao wengi ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji kama sisi, ni 24.3. Robo haitimii.

Halafu kuna jambo lingine linalonisumbua. Yule mama wa alama 7 angehesabiwaje kwenye takwimu? Angewekwa kwenye kundi la "hana". Sisemi kwamba tofauti yote ya namba ndiyo hiyo, watafiti wanabishana bado. Ninasema nimeona kwa macho yangu namna moja ya mtu kutoka kwenye hesabu.

Kuhusu dawa, uko sahihi kabisa. Lisa Cooper, daktari mzaliwa wa Liberia aliyeko Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alichapisha 2003 na wenzake utafiti unaoonyesha Weusi na Walatino wanazikubali dawa za sonona kwa kiasi kidogo kuliko Weupe, na wengi wanaamini zitawafanya tegemezi. Lakini Walatino haohao waliukubali ushauri nasaha kuliko Weupe. Kwa hiyo "hawataki kutibiwa" siyo maelezo. Wengine wanataka tiba ambayo hawapewi, na wengine wana hofu ambayo hakuna aliyekaa nao akaizungumza.

Na hofu yenyewe ina historia. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi karibu 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Wajukuu wa wale wako hai. Ukimwambia mmoja wao "meza hii itakusaidia", muulize kwanza anasikia nini.

#5 Msomaji wa Usiku

Naongezea historia, maana kwenye akili kwenyewe ni nzito zaidi.

1851, daktari wa Kusini mwa Marekani anaitwa Samuel Cartwright aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Akaupa jina kabisa, drapetomania. Hamu ya uhuru ikawa dalili. Wakati huohuo kulikuwa na dhana kwamba Mweusi hana undani wa kuweza kupata huzuni ya kweli, hiyo ni ya watu wastaarabu. Kwa hiyo mlango wa "ana huzuni" ukafungwa na wa "ni mkorofi" ukaachwa wazi.

Karne iliyofuata yakarudi kwa sura nyingine. Jonathan Metzl, daktari wa akili na mwanahistoria, alichambua mafaili ya zamani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ionia, Michigan. Kabla ya miaka ya 60 skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini visivyokuwepo) pale ilionekana kama ugonjwa wa watu watulivu, wengi Weupe, wakiwemo akina mama wa nyumbani. Miaka ya 60 ikaanza kuandikwa kwa wanaume Weusi kutoka Detroit, kipindi kilekile cha harakati za haki za kiraia. Toleo la pili la mwongozo wa magonjwa ya akili, la 1968, liliingiza maneno ya uadui na uchokozi kwenye maelezo ya aina mojawapo ya ugonjwa huo. Mtu mwenye hasira halali akawa anatosha kwenye maelezo hayo.

Msidhani yamekwisha. 2019 Michael Gara na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers walionyesha kwamba Wamarekani Weusi waliokwishaandikiwa skizofrenia walikuwa na uwezekano mkubwa kuliko Weupe wenye jina hilohilo la ugonjwa wa kukutwa na dalili za sonona kubwa. Maana yake kuna watu wanameza dawa za skizofrenia ilhali hali ya moyo wao haikupimwa sawasawa. Dawa hizo si peremende. Zinanenepesha, zinaleta kisukari, nyingine zinatetemesha mikono.

Chama cha madaktari wa akili Marekani kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi, Januari 2021. Kile cha wanasaikolojia kikafuata Oktoba mwaka huohuo. Nimezisoma zote mbili. Ni nzuri, lakini mgonjwa wa Detroit aliyefia ndani hakuzisoma.

#6 Dereva wa Masafa

Sijawahi kuandika hili popote.

Naendesha lori huku miaka kumi na moja. 2019 nilianza kuwa mtu wa hasira. Siyo huzuni, hasira. Mke akiweka kijiko kwa kishindo nawaka. Nalala saa tatu, naamka saa nane usiku, natazama dari mpaka kunakucha. Nikiwa barabarani nilikuwa nahesabu nguzo za madaraja na kuwaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Nilikwenda kliniki kwa hiari yangu. Sitaitaja. Nikamwambia daktari, "Hasira zinanimaliza." Akaniuliza kama nampiga mke wangu. Nikasema hapana. Akauliza tena. Akauliza kama nina silaha nyumbani, nikaona macho yake yanatazama mlango uko umbali gani. Mimi ni mtu wa futi sita na nina sauti nzito, nikajikuta nazungumza polepole ili nisimtishe, mimi ndiye mgonjwa. Nikapewa karatasi ya darasa la kudhibiti hasira. Hakuna aliyeniuliza kuhusu usingizi wala zile nguzo.

Aliyeniokoa ni kinyozi wangu, Mmarekani Mweusi. Alinyamaza na mashine mkononi akaniambia, "Kaka, huu ni mwezi wa tatu huongei. Una nini?" Kumbe alikuwa amepitia mafunzo ya kusikiliza wateja, kuna mradi unaitwa The Confess Project ulioanzia Arkansas unaofundisha vinyozi hivyo. Yeye ndiye aliyeniunganisha na mtaalamu. Nilianza tiba ya mazungumzo, baadaye na dawa. Sasa hivi nalala mpaka asubuhi.

#7 Binti Salehe

Dereva, asante kwa kuwa hai.

#8 Mama Pacha

Mimi nitasema ya uzazi kwa kuwa ndiyo yaliyonipata. Baada ya mapacha nilikuwa nawaogesha, nawanyonyesha, nawabadilisha, kila kitu kwa saa yake, na sikuhisi kitu. Kama naosha vyombo. Kila aliyekuja alisema "una nguvu wewe mwanamke", nami nikawa naibeba ile sifa kama gunia. Kwenye kliniki ya watoto walinipa fomu nikajaza sifuri zote kwa sababu jirani yangu aliniambia ukisema ukweli wanakuja kuchukua watoto.

Hiyo hofu msiicheke. Mama Mweusi huku anajua familia ambazo watoto wamechukuliwa. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa New Jersey uliochapishwa 2011, wa akina mama waliokuwa kwenye bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, yaani wote bima ni ileile. Walioanza kupata huduma ya afya ya akili baada ya kujifungua: Weupe asilimia 9, Walatino 5, Weusi 4. Bima moja, jimbo moja.

Kuna profesa anaitwa Cheryl Woods-Giscombé aliyeandika 2010 kuhusu huu mzigo wa mwanamke Mweusi kutakiwa awe jabali, asilie, asiombe msaada. Nilipousoma nilijiona. Lakini nitakataa mtu akiniambia tatizo lilikuwa ujabali wangu. Watu sita wenye koti jeupe waliniona mwaka ule, na aliyeketi akaniangalia usoni ni mmoja.

#9 Nesi Rehema

Nimesoma uzi wote nikiwa mapumziko. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya kawaida, huenda hata ndiye yule wa sifuri kwenye simulizi la mleta mada, kwa sababu sifuri za namna hiyo nimeziandika.

Niwape upande wa ndani. Miadi ni dakika kumi na tano. Mkalimani akiwepo, kila sentensi inasemwa mara mbili, kwa hiyo mgonjwa wa lugha nyingine anapata nusu ya muda. Hajaongezewa dakika. Kompyuta hainiruhusu kufunga faili mpaka kila swali liwe na namba. Haiulizi namba imepatikanaje.

Kuna jambo jingine. Kabla ya utaratibu mpya wa kumuuliza kila mgonjwa, sisi wenyewe ndio tulikuwa tunachagua nani wa kumuuliza. Tunamuuliza anayelia. Mgonjwa anayesema mgongo tunamtazama mgongo. Na walio wengi wanaosema mgongo ni nani? Wageni, wazee, na Weusi.

Sasa ya kutia moyo, maana ninaona watu wanakata tamaa. Kliniki za Chuo Kikuu cha California kule San Francisco ziliamua kumuuliza kila mtu mzima, bila kuchagua. Mwaka 2017 waliokuwa wanapimwa walikuwa asilimia 40.5, ikafika 88.8 mwaka 2019. Mwanzoni Weusi, wazee na wasiozungumza Kiingereza waliachwa zaidi, na mwisho ile pengo ikapungua sana. Hakuna aliyefundishwa kuwa na moyo mzuri. Waliondoa ile nafasi ya kuchagua.

Na upande wa tiba kuna utaratibu wa daktari wa kawaida kufanya kazi pamoja na mratibu wa sonona na daktari wa akili anayeshauri kwa nyuma. Mratibu anakupigia simu: umeanza dawa? zinakusumbua wapi? wiki ijayo tunakuona lini? Jaribio moja linalokaribiana na hilo, la Kenneth Wells na wenzake, liliwafuatilia wagonjwa miaka mitano. Waliofaidika zaidi ni Weusi na Walatino, pengo likapungua. Tiba zilikuwa hizihizi zilizopo. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyeachwa aondoke na karatasi halafu basi.

Sisi hatuna mratibu. Tuliomba, tukaambiwa bajeti.

#10 Mzee Kobe

Nimesoma zote. Dereva na Mama Pacha, poleni sana wanangu. Nakiri nilisoma takwimu nusu.

Nabaki na swali moja. Kwa nini watu wasitafute wataalamu wa rangi yao? Wayahudi wana hospitali zao, Wachina wana madaktari wao.

#11 Msomaji wa Usiku

Mzee, wako wachache mno. Kwenye hesabu ya 2015, wanasaikolojia Weusi walikuwa karibu 4 katika kila 100, ilhali Weusi ni karibu 13 katika kila Wamarekani 100. Na waliopo hawafikiki kirahisi. Kwenye takwimu za 2009 na 2010, madaktari wa akili waliokubali bima binafsi walikuwa asilimia 55 tu, na waliopokea bima ya watu wa kipato cha chini 43. Wengine unalipa mkononi.

Kisha kuna hili. Mwanasosholojia Heather Kugelmass alichapisha 2016 jaribio la New York. Wataalamu 320 waliachiwa ujumbe wa simu na watu waliojifanya wanatafuta tiba, maneno yaleyale, wote wana bima, tofauti ni namna ya kuongea na jina. Mweupe wa tabaka la kati alipewa nafasi mara 28 katika 100, Mweusi wa tabaka la kati 17. Waliosikika kama watu wa kipato cha chini, Weusi kwa Weupe, 8. Hawajaonekana hata sura. Ni sauti kwenye mashine.

Lakini wazo lako lina babu. 1946 kule Harlem, mtaa wa Weusi New York, kwenye ghorofa ya chini ya kanisa la Mtakatifu Philip, ilifunguliwa kliniki iliyoitwa Lafargue, mwandishi Richard Wright akiwa miongoni mwa waliosukuma. Ada ilikuwa senti 25, na asiye nazo alihudumiwa. Madaktari walijitolea jioni. Ilifungwa 1958.

#12 Binti Salehe

Mleta mada, mimi nasomea saikolojia, nataka turudi kwenye ile "raha". Naona hapo ndipo penye kazi yetu sisi wenye lugha.

Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013 umeliorodhesha kama namna mojawapo ya watu kueleza dhiki. Sisi tunasema hivyohivyo: nina mawazo, mawazo yamenizidi, nawaza sana. Mtu akisema "nina mawazo" kwa Kiswahili, hajakuambia kwamba ana fikra kichwani. Amekuambia anaumwa. Je, mnalipeleka vipi?

#13 Mkalimani wa Zamu

Umenigusa penyewe. Nimewahi kusikia mkalimani wa simu analipeleka kama lilivyo, "ana fikra nyingi", daktari akajibu "vizuri, anafikiri". Mwongozo huohuo una maswali 16 ya kumsaidia daktari kuuliza mtu anauitaje ugonjwa wake, anadhani umetoka wapi, na watu wake wanausemaje. Katika miaka saba nimeyasikia yakiulizwa mara mbili.

Na dodoso lenyewe lina tafsiri ya Kiswahili. Ilijaribiwa kwa wagonjwa magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2009. Lakini kliniki nyingi nesi anasoma Kiingereza kwenye kioo na mimi natafsiri papo hapo, kila mkalimani kwa maneno yake. Mimi nikisema "raha" na mwenzangu akisema "kufurahia", mgonjwa mmoja anaweza kupata namba mbili.

#14 Mwalimu Kisa

"Raha" iacheni. Kwa watu wengi raha ni starehe, ni kukaa bila kazi, na mama mkimbizi hawezi kukiri mbele ya watu kwamba anataka starehe. "Kukosa hamu" ni bora, ila hamu ya nini? Kuna wanaosikia chakula, kuna wanaosikia tendo la ndoa, akaona aibu.

Napendekeza: "Mambo uliyokuwa unayapenda, bado yanakuvuta?"

#15 Mama Pacha

Mimi mngeniuliza hivyo, ningelia pale pale.

#16 Dereva wa Masafa

Kwa wanaume ongezeni hasira. Dodoso halina swali la hasira.

#17 Nesi Rehema

Mwalimu, maneno ya dodoso hatuwezi kuyabadilisha, alama zitapoteza maana. Lakini baada ya kusoma swali kama lilivyo tunaruhusiwa kufafanua. Hilo lako linafaa kama ufafanuzi. Na swali la tisa, la kutamani kufa, ninaomba wakalimani mnisaidie: kama mgonjwa anasali kanisa moja na mkalimani, hatasema kweli. Muulizeni kama anapendelea mkalimani wa simu asiyemjua. Sisi hatuwezi kujua mnasali wapi.

#18 Mkalimani wa Zamu

Hilo la kanisa ni kweli tupu, na sikuwahi kulitaja kwa nesi yeyote. Nitaanza kulisema kabla hatujaingia chumbani.

#19 Mzee Kobe

Yule mama wa kwaya anaendeleaje?

#20 Mkalimani wa Zamu

Mzee wangu, siwezi kusema, ni kiapo.

Ninachoweza kusema ni cha leo. Nimetoka zamu saa moja iliyopita. Mgonjwa mwingine, lugha ileile, kliniki nyingine. Swali la kwanza likasomwa, nikalifikisha. Akanyamaza, akasema, "Mimi siyo mtu wa kulalamika." Nesi akashika kipanya.

Nikasema, "Mkalimani anaomba kufafanua." Nikaeleza kwamba jibu lile kwa Kiswahili linaweza kuwa na maana zaidi ya moja, na kwamba swali lingeweza kuulizwa kwa mambo ambayo mtu huyu alikuwa anayapenda. Nesi akasema sawa, muulize hivyo. Nikamuuliza kwa maneno ya Mwalimu Kisa.

Nesi aliachia kipanya, akasogeza kiti. Tulikaa kwenye swali la kwanza dakika nne.